Maji yamegoma kutoka sikioni, naomba ushauri

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwanangu wa miaka 11 aliogelea baharini Msimbati, Mtwara, Jumamosi. Leo siku ya 3, sikio la kulia bado limeziba. Hana maumivu, homa wala usaha. Tumemlaza ubavu wa kulia dakika 10, tukavuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, tukakanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Vijiti vya pamba sigusi kabisa: vinasukuma nta ndani, nayo ikilowa huvimba na kufungia maji.

Nimeshauriwa matone ya spiriti na siki nyeupe, nusu kwa nusu. Naogopa, maana utotoni sikio hilohilo lilitoa usaha. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, yatapenya hadi sikio la kati. Kuna dalili za kunionyesha ngoma ni nzima, au ni lazima daktari amulike? Nimpeleke hospitali ya Ligula kesho, au nisubiri kidogo?