Naomba ushauri: kuapdeti Ubuntu kwa intaneti ya kusuasua

Wakuu habari za leo, nina steshenari huku Mbagala yenye kompyuta kadhaa za Ubuntu (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows) na zote zinakula bando moja la simu, sasa nikipiga apt upgrade (amri ya kuapdeti programu) kila mashine inashusha mafaili yale yale upya, mchana neti ndo inakufa kabisa na mteja wa kuprinti fomu za ajira anasubiri mpaka anaondoka. Nasikia kuna programu ya kutunza mafaili ya apdeti, apt-cacher-ng, unaiweka kwenye mashine moja halafu zingine zinachota humo kupitia poti 3142, ila ripo (hifadhi za programu mtandaoni) za https mpaka uzifanyie seting. Aliyeitumia, kompyuta kuukuu ya RAM GB 2 itatosha? Kuacha apdeti za usalama sitaki kabisa, watu wanafungulia imeli zao humu.