Ngome ni ya Wareno! Yule bwana wa filimbi anyang'anywe kipaza sauti leo hii

Mtoto wa Keko

Wakuu salaam. Sijaoga, sijala, begi halijafunguliwa na limejaa mchanga wa Watamu ambao kwa bei niliyolipa nina haki nao. Nimeshuka kwenye kosta saa tisa usiku. Nikilala na hili jambo kifuani nitaamka na presha, kwa hiyo acha niliteme hapa.

Simtaji. Hana haja ya kutajwa. Kofia ya pama, filimbi shingoni kama refa wa ndondo, na kile kipaza sauti cha kuning'iniza begani ambacho naamini alizaliwa nacho, mkunga akakata viwili. Yule wa "Familiaaa, tupo pamoja?" Kama umewahi kulipia ziara ya kikundi kutoka Dar kuipanda pwani mpaka Malindi, basi umeshapigiwa filimbi na huyu bwana.

Sasa nisikilizeni. Mombasa, ndani ya Ngome Yesu. Saa tano asubuhi, jua linakaanga watu bila mafuta. Tuko 26 tumesimama uani, na pembeni yetu kuna watoto wa shule wamevaa sweta za kijani (sweta! Mombasa!) na mwalimu wao. Bwana filimbi anawasha chombo chake, kinalia kwiiiii, halafu anatangaza: "Familia, ngome hii ilijengwa na Sultani wa Oman ili kuwazuia Wareno."

Kuwazuia Wareno. Ubao wa makumbusho uko nyuma ya kisogo chake, angerudi nyuma hatua mbili angeugonga.

Nikanyoosha mkono. Kwa adabu, nimelelewa mimi. Nikasema, "Samahani kaka, si ni Wareno wenyewe waliojenga, kuanzia 1593? Waomani waliichukua 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu."

Akanigeukia taratibu. Chombo bado kinawaka. "Dada yangu, umekuja kutalii au umekuja kufanya mtihani wa darasa la saba?"

Wakacheka. Wote. Hata yule mama wa Mbagala ambaye asubuhi ile nilimpa mahamri yangu matatu kwa sababu ya kwake yalimwagikiwa chai. Alicheka akishika mbavu, mahamri yangu yakiwa bado tumboni mwake. Na kile kipaza sauti wakuu kinasikika mpaka ng'ambo. Nina hakika kuna mtu alikuwa kwenye feri ya Likoni na muhogo wake, akacheka.

Hilo ningelimeza. Wallahi ningelimeza, nimeshameza makubwa zaidi. Lakini hapo hapo, kitoto kimoja cha zile sweta kikanyoosha kidole: "Ni Wareno!"

Bwana filimbi, yule yule, kwa mdomo ule ule: "Safi sanaaa! Familia, mpigieni makofi huyu!"

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Wakuu, NIKAPIGA MAKOFI. Mikono ilikwenda yenyewe.

Jibu ni lile lile! Mtoto makofi, mimi mtihani!

Mengine hata sitayaeleza sana. Bagamoyo tulipewa dakika kumi na tano pale Kaole. Msikiti wa karne ya 13, makaburi yana nguzo, unataka walau usimame usome, filimbi hiyo: kuku wa mchana wameshaagizwa, watapoa. Mji wenyewe, ambao Wajerumani waliufanya makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar, tuliuona kupitia dirishani na dirisha lilikuwa na stika. Horohoro mpakani tulikaa saa mbili kwa sababu kuna mtu alisahau kadi yake ya homa ya manjano. Nani? Kiongozi. Kule magofu ya Gede kima walimkwapulia mama mmoja ndizi, yeye akawapigia filimbi. Kima wakamwangalia. Ndio viumbe pekee katika safari nzima ambao hawakumtii na nawaheshimu mpaka leo.

Kwenye nguzo ya Vasco da Gama, Malindi, nikajisemea leo sifungui mdomo hata aseme nguzo ni ya simu. Akamaliza maelezo yake, akaangaza macho, akanipata nilikojificha. "Kuna swali? Dada Mtihani, vipi?"

Ndiyo. Jina lilibaki. Siku mbili nzima ni Dada Mtihani. Watamu mhudumu wa hoteli, kijana ambaye hata Ngomeni hakuwepo, alikuja na sinia akauliza, "Chai ya Dada Mtihani ipo wapi?"

Na nikaipokea, maana ilikuwa yangu.

Kibatari Cha Moto

Nimekaa paleee, karanga mkononi.

Ila swali la msingi, ulipata ngapi kwa mia?

Pweza Mkavu

Hii ni chai ya Watamu. Mtu hajala, hajaoga, saa tisa usiku, ila 1593 anaikumbuka, 1698 anaikumbuka. Mimi namba ya simu ya mke wangu siikumbuki. Bwana filimbi alikusoma vizuri, wewe ulikwenda kwenye mtihani.

Jirani wa Bahari

Dada pole. Huyo bwana mimi namdai. Safari ya Bagamoyo kwenda Pangani alihesabu vichwa ndani ya gari, akasema tumetimia, filimbi, twende. Mimi niko chooni. Kumbe kichwa cha 22 alikuwa kijana muuza mabuyu aliyepanda kuuza. Simu yangu iko kwenye gari, kijana ana mabuyu, mimi nina kandambili. Walikuja kugundua wamefika mbali sana, na waligundua kwa sababu muuza mabuyu alianza kulia.

Kilichoniuma, waliponirudia bwana filimbi akaniuliza mimi, "Kaka ulikuwa wapi?" Kwenye kipaza sauti.

Kibatari Cha Moto

Muuza mabuyu alirudishiwa nauli?

Jirani wa Bahari

Alipewa chakula changu.

Mwana Kibokoni

Nyinyi watu wa Dar mna mambo. Kwanza hapa kwetu hakuna mtu aita "Ngome Yesu". Ni Fort Jesus, au Ngomeni, basi. Ukimwambia mtu wa tuktuk akupeleke Ngome Yesu atakupeleka kanisani.

Pili, aliyeichora hiyo ngome ni Mtaliano, Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu, kichwa, mikono na miguu. Kwa hivyo bwana wa filimbi kafeli, na wewe dada umepata nusu.

Tatu, hao watoto wa sweta si wetu. Hao wameletwa na basi kutoka bara.

Mtoto wa Keko

Mwana Kibokoni, mchora ramani si mjenzi! Fundi wa Keko akijenga kwa ramani ya Mchina, nyumba ni ya Mchina? Wareno ndio waliotoa hela, wakatoa amri. Jibu langu lilikuwa kamili. Lilikuwa kamili na kile kitoto kilisema neno moja tu, "Wareno", hakikutaja hata mwaka, kikapigiwa makofi. Na mimi nikapiga.

Pweza Mkavu

Anaomba alama za nyongeza huyu. Pelekeni baraza la mitihani.

Shemeji wa Forodhani

Nyie mnalilia kutaniwa. Mie nililipa ziara ya Zanzibar, kampuni nyingine, ila nina hakika wamesomea chuo kimoja na huyo wa filimbi. Ratiba imeandikwa kwa wino wa dhahabu: "Siku ya pili, kuingia ndani ya Beit al-Ajaib." Nikamwambia mama mkwe vaa vizuri, hili ni jumba la Seyyid Barghash la 1883, tunaingia kwa heshima. Mama mkwe kavaa lesi. Tumefika tumekuta mabati. Jumba liliporomoka upande tarehe 25 Desemba 2020, dunia nzima inajua isipokuwa mwandishi wa ratiba! Muongozaji hana hata haya, anatuambia, "Basi lione kwa nje." Mama mkwe na lesi yake anaangalia mabati saa nane mchana.

Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Urojo nilimnunulia, akaupokea, akala, hakusema asante.

Kibatari Cha Moto

Lesi ya rangi gani?

Mtu wa Masoko

Angalau nyie mmepelekwa kwenye lami. Mimi nilikwenda Kilwa. Ukishatoka Kilwa Masoko ni jahazi mpaka Kisiwani, sawa, raha, upepo. Katikati ya maji muongozaji akatuambia Husuni Kubwa ilijengwa na Ibn Battuta. Ibn Battuta! Mtu wa watu alipita 1331 kama mgeni, akala, akasifia mji, akaondoka zake. Jumba lile ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ni sawa na mimi nikija kwako kula pilau halafu majirani waseme nyumba nimejenga mimi.

Ila sikumrekebisha. Tanga lilikuwa mkononi mwake.

Mwana Kibokoni

Wewe ndiye mwenye akili kati ya hawa wote.

Pweza Mkavu

Kilwa ndiyo baba lao, wengine wote wanafuata. Urithi wa dunia tangu 1981. Lamu 2001, Fort Jesus 2011, hao ni wajukuu.

Mwana Kibokoni

Huo ni mwaka wa kuandikishwa, ndugu. Mtu huzaliwa kabla ya kupata kitambulisho.

Shemeji wa Forodhani

Kama ni ukongwe njooni Kizimkazi. Msikiti una maandishi ya 1107 ukutani, na unaswaliwa hadi leo. Hakuna filimbi wala mabati.

Mama Hamira

Habarini wanangu. Sijazoea mambo ya humu, mjukuu ndiye ananiandikia. Mtoto wa Keko, mimi ndiye mama wa Mbagala.

Mwanangu nilicheka, siwezi kukataa, na Mungu ananiona. Lakini sikukucheka wewe. Yule bwana alipogeuka kukujibu, kipaza sauti kilimgonga mwenye kofia wa mbele yake, ile kofia ikaangukia kwenye mzinga. Wewe ulikuwa umekasirika hukuona.

Na lingine, tuwekane sawa, mahamri yalikuwa mawili. La tatu ulilikata ukala nusu, nusu ukampa dereva.

Pweza Mkavu

SHAHIDI AMEJITOKEZA

Kibatari Cha Moto

Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

Mtoto wa Keko

Shikamoo mama. Yalikuwa matatu mama yangu, nilinunua manne Mji wa Kale kwa yule bibi wa mlango wa kijani, nikala moja. Dereva nilimpa kiazi karai. Ila yaishe. Wewe sina kinyongo nawe. Kinyongo changu kipo kwenye filimbi.

Ila kile kitoto mama, ulikisikia? Si kilisema vile vile kama mimi?

Mama Hamira

Kilisema. Lakini chenyewe kilikuwa na pengo, mwanangu. Mtu atashindwaje kupiga makofi.

Mwana Kibokoni

Hebu ngojeni. Hayo aliyonunua Mji wa Kale ni mahamri, sawa. Lakini nyinyi wa Dar mwajua tofauti ya mahamri na maandazi, au mwaita chochote chenye mafuta mahamri?

Jirani wa Bahari

Si kitu kimoja tu? Jina la Mombasa na jina la Dar.

Mwana Kibokoni

Ya Rabi.

Mama Hamira

Si kimoja. Andazi unaweza kukanda kwa maji na ukaenda zako. Hamri halikandwi kwa maji. Unga, sukari, hamira, iliki ya kutwanga siku hiyo hiyo usinunue ya kopo, halafu tui. Ukande mpaka kinyunga kiachie mkono. Uache kiumuke, usukume usiwe mwembamba, ukate pembe. Mafuta yakiwa ya moto sawasawa unalimwagia juu kwa upawa lenyewe linavimba kama puto. Likibaki bapa umekosea mafuta au umeharakisha hamira.

Shemeji wa Forodhani

Na mbaazi za nazi pembeni. Bila mbaazi huo ni ugomvi.

Mtu wa Masoko

Mama, sisi Kilwa tunakula na samaki wa kupaka asubuhi asubuhi. Wengine wanatushangaa.

Mwana Kibokoni

Mimi nakushangaa. Samaki asubuhi?

Pweza Mkavu

Sasa huu uzi uhamishwe jukwaa la mapishi.

Mgeni Mwema 2

Habari wakuu, nimechelewa na sijasoma wote. Naomba namba ya huyo bwana wa filimbi, anaonekana mchangamfu. Tuko familia ya watu tisa, tunataka Pasaka.

Jirani wa Bahari

Njoo PM. Ila msiende chooni.

Mtoto wa Keko

Mama Hamira, nimeshaweka unga kwenye beseni hapa. Tui la kwanza peke yake, au nachanganya na la pili?