Ndama wa nyumbu akipotezana na mama kwenye msafara wa kuhama Serengeti, atafika peke yake kundi linakohamia?

Mwanafunzi_Njiro: Wakuu, nasomea uongozaji watalii hapa Arusha. Mgeni akiniuliza swali hilo, nimjibu nini?

Dereva_Sanawari: Inategemea umri mkuu. Wengi huzaliwa pande za Ndutu, kusini mwa Serengeti, kati ya Januari na Machi. Wa siku chache hafiki: jike humtambua mwanawe kwa harufu, na mtoto wa mwenzake akija kunyonya humfukuza kwa pembe. Anayepotea kwenye kivuko cha Mto Mara mwezi wa nane ana miezi mitano au sita, anakula majani. Huyo hafi njaa. Shida yake ni kubaki nje ya kundi, maana fisi hamkosi anayetangatanga pembeni.

Mzee_wa_Pori: Ongeza hili: kichanga aliyepotea hufuata chochote kinachotembea, iwe Land Cruiser au hata fisi mwenyewe. Akikufuata, zima injini utulie mpaka nyumbu wapite karibu. Ukiondoka polepole kwa huruma ndiyo unamvuta mbali zaidi. Na usimpakie kwenye gari. Waarifu askari wa hifadhi.

Mwanafunzi_Njiro: Na tembo?

Mzee_wa_Pori: Chini ya miaka miwili, bila maziwa hatoboi.

Bi_Usa: Msichanganye na swala tomi. Mtoto wake akijilaza kwenye nyasi, shingo chini, masikio yamebana, hajapotea, kafichwa. Mama yuko mbali kidogo anakula, atarudi kunyonyesha. Mkirundika magari hapo, mama hasogei.