Mrejesho: Ratiba ya kumlisha chatu jike wa kuzalisha

Ndugu wafugaji, niliwauliza ikiwa kumlisha kila baada ya siku 5 chatu jike wa aina ya Python regius, tunayemfuga kwa kibali hapa Tanga, kungemfikisha upesi kwenye uzito wa kupandishwa. Nawashukuru kwa dhati, hasa mzee aliyesisitiza kwamba mafuta si ukuaji.

Sasa anapewa panya mmoja kila baada ya siku 10 hadi 14, asiyezidi unene wa sehemu pana zaidi ya mwili wake, wala hashikwi kwa siku 2 baada ya kula, kwa kuwa akisumbuliwa anaweza kutapika. Mikunjo ya mafuta karibu na mkia imepungua. Usiku wa kipupwe, joto linaposhuka hata hapa pwani, tunahakikisha upande mmoja wa kizimba unabaki na nyuzi 31 hivi, la sivyo mlo hausagiki vizuri. Macho yakiingia ukungu kabla ya kujivua gamba hugoma kula, nasi hatumlazimishi.

Amefikisha gramu 1,500, lakini hajatimiza miaka 3, kwa hiyo dume atasubiri, maana jike mwenye mayai huweza kukaa miezi kadhaa bila kula.