Kumnyooshea majeruhi noti ya elfu moja hakumtoi dereva katika sheria

Ndugu zangu, nimejizuia siku nne nisiandike kwa hasira, na nimeshindwa.

Jumanne iliyopita, baada ya magharibi, mama yangu alikuwa akivuka barabara ya Malindi pale Bamburi alipogongwa na gari dogo jeupe, akaangukia mkono. Dereva alisimama, hilo silikatai, lakini hakushuka. Aliteremsha kioo, akasema, "Pole mama, kanunue dawa," akamnyooshea noti ya shilingi 1,000, kisha akaenda zake akimwacha ameketi vumbini, kandambili moja mguuni na ya pili katikati ya lami. Aliyemfikisha hospitali ni kijana wa tuktuk asiyemjua, na nauli aliikataa. Mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Kijana huyo ndiye aliyeandika nambari ya gari, nayo ikatufikisha kwa dereva. Jibu lake kwenye simu lilikuwa: "Nilisimama, nikampa pesa. Mlitaka nini tena?"

Tulitaka yaliyoagizwa na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 73: kwamba gari likisababisha ajali iliyomjeruhi mtu, dereva asimame, na akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza ataje jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, pamoja na nambari ya gari, na ikiwa kwa sababu yoyote hakuyataja hayo, aripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita. Mama alimwita mara mbili amwambie jina. Alipandisha kioo.

Najua wapo watakaosema madereva huogopa umati. Hofu hiyo naielewa, maana watu wetu ni wepesi wa kuokota mawe, lakini mwenye kuogopa huenda moja kwa moja kituoni. Huyu, kwa kauli yake mwenyewe, alikwenda nyumbani kwake.

Tena Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya kumfidia mtu wa tatu, na mtu wa tatu hapa ni mama. Ili adai, anahitaji fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, na abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali, iliyoandikwa gari lile na bima yake. Afisa wa zamu alitutaka tukaelewane nyumbani kabla hajafungua kitabu cha matukio. Tulikaa kwenye benchi hadi saa nne usiku ndipo tukapewa nambari ya OB, yaani nambari ya ripoti yetu katika kitabu hicho.

Sasa dereva ameongeza dau hadi 5,000, kwa sharti tuondoe ripoti. Hatuiondoi, na ile noti yake ya kwanza imo kwenye bahasha moja na P3, haijatumika. Aliyekuwepo pale Bamburi jioni ile na akaona, tafadhali aniandikie faraghani, tunahitaji shahidi wa pili.