Naomba ushauri: "machale" niyaandikeje kwenye muhtasari wa kikao?

Katibu_Kata
Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vikoba. Kikao kilichopita tulijadili ombi la mkopo la mama mmoja. Hisa zake ziko sawa, wadhamini wapo, marejesho ya nyuma hayana doa. Mwenyekiti akasema: "Sina neno na hesabu zake, ila machale yananicheza." Mkopo ukasimama hapo hapo. Sasa mweka hazina ananisukuma niandike "mwenyekiti alitumia busara". Moyo wangu unasita. Hivi busara na machale ni kitu kimoja? Nisaidieni, maana karatasi hii huyo mama ataisoma.

BintiMakorora
Si kitu kimoja, mkuu. Chale ni ile mikato midogo anayochanja mganga na kupaka dawa. Wazee wa huku kwetu Tanga wanasema aliyechanjwa kinga, hatari ikikaribia, chale zinamcheza. Ndiyo maana machale hunusa baya tu. Hujasikia mtu akisema machale yamemcheza kwamba atapata kazi.

Mwl_Kondo
Naongezea. Busara tumeitoa kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kuona. Mwenye busara kuna kitu amekiona, ukimuuliza, atakueleza. Aliyechezwa na machale hana cha kukueleza, na wala hadai kuwa nacho. Ukiandika "busara" umempa mwenyekiti hoja ambayo hakuitoa, na huyo mama umemwachia doa. Usikubali kabisa.

Chogo255
Mimi ningeweka "hisia". Muhtasari ni waraka rasmi, machale ni maneno ya kijiweni.

Mwl_Kondo
Hisia ni pana mno, ndugu yangu. Hasira ni hisia, chuki ni hisia. Msomaji atadhani wana ugomvi. Na "silika" msiiguse: hiyo mtu anazaliwa nayo.

Katibu_Kata
Nimewaelewa. Vipi nikiandika: "Kikao hakikuona kasoro kwenye hesabu za mwombaji. Mwenyekiti alieleza wasiwasi ambao hakuutolea sababu"?

BintiMakorora
Hapo sawa. Ila maneno yake yaweke vilevile ndani ya alama za kunukuu. Amesema machale, yasomeke machale. Na ombi lirudishwe kikao kijacho, mwenyekiti aulizwe mbele ya wajumbe wote ni nini hasa kinachomtia shaka.