Magofu ya Kilwa na kuzamia: wageni wahesabiwe kwa siku au kwa maji?

Mwenye hoja
Meli za kitalii zimeanza kutia nanga Kilwa, na kila moja ikiondoka linazuka pendekezo lilelile: mgeni aone magofu asubuhi, azamie mchana, alale Kilwa Masoko, mji wa bara. Upande mmoja unataka idadi ya wageni iwekewe ukomo kwa siku. Upande wa pili unasema Lindi imesubiri watalii muda mrefu, tusianze kuwafungia mlango kabla hawajabisha hodi. Magofu ya visiwa viwili, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa 2014. Karibuni, ila tuseme vitu vinavyopimika. "Utalii ni uchumi" tumeshaisikia.

Nahodha, Masoko
Ukomo wa siku ni hesabu ya mezani. Kisiwani hakuna tabu, ni kama kilometa 2 kutoka gatini, unavuka unapotaka. Kazi iko Songo Mnara. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Maana yake saa 4 asubuhi, saa ambayo kila wakala anataka mgeni wake awe anateremka, maji yamekauka. Boti inabaki nje, mgeni anakanyaga tope la mikoko hadi magotini, kamera kichwani. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, hivyo baada ya juma moja, kwenye maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kujaa kunaangukia saa 4 asubuhi hivi. Hizo ndizo siku za Songo Mnara. Mwezi una vipindi viwili tu vya namna hiyo. Wekeni kalenda, ukomo utajiweka wenyewe.

Mwongoza wageni
Nahodha, nusu nakubali. Maji mafu hujaa kwa saa nzuri lakini hayajai sana. Boti ya faiba yenye mashine mbili bado haitapita ndani ya mikoko, utahitaji mtumbwi au ngalawa ya kuvushia watu wachache wachache. Halafu umesahau kusi. Juni hadi Agosti upepo unapiga, na mgeni asiyezoea anafika amelowa na ametapika. Na hili liandikwe kwa wino mzito: kibali na malipo vinamalizwa Masoko kabla ya kupanda boti. Anayefika kisiwani bila stakabadhi anarudishwa, na nauli ya boti hairudi.

Mzamishaji, Mtwara
Mimi naongoza wazamiaji, na Nahodha kanipa hoja bila kujua. Kuzamia kuzuri ni mwisho wa maji kujaa: maji safi ya bahari kuu yanaingia, mkondo unalegea, unaona mbali. Yakianza kutoka yanabeba tope la mikoko, na mkondo wa mlango wa bahari unaweza kumchukua mzamiaji mbali na boti. Sasa tazameni: maji ya saa 4 yanayomfikisha mgeni Songo Mnara ndiyo hayohayo anayoyahitaji mzamiaji. Maji mamoja hayatumiki mara mbili. Hiyo safari ya "magofu asubuhi, kuzamia mchana" ni ya kwenye kipeperushi.

Kuna la mwili pia. Mwenye cheti cha kwanza mwisho wake ni meta 18. Anapanda taratibu, meta 9 kwa dakika, anasimama meta 5 kwa dakika 3. Akizamia zaidi ya mara moja asipande ndege kabla ya saa 18. Wakala anayemtoa mgeni majini saa 9 alasiri na kumkatia ndege ya Mtwara–Dar ya kesho yake asubuhi anamtafutia ugonjwa: naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inageuka mapovu, maumivu yanaingia kwenye viungo, na wengine hupooza.

Mwenye kiu ya kuzamia aje Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kule kuna sheria, kuna askari. Maji ya Kilwa yamo katika eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2004, lakini si hifadhi ya bahari.

Mkazi wa Kisiwani
Kaka wa Mtwara, unavutia kwako! Na huko kwenu uvuvi wa baruti haukupita?

Mzamishaji, Mtwara
Ulipita, dada, tena sana. Palipopigwa baruti matumbawe yamevunjika vipande, na vipande hivyo mawimbi yanavibiringisha kila siku, chipukizi haishiki. Ndiyo maana nasema msianze kushusha nanga ovyo. Mkitaka wazamiaji, tangulizeni maboya ya kudumu. Tofali la zege likae kwenye mchanga, lisikae juu ya tumbawe. Mnyororo uwe mfupi, na juu yake kamba yenye boya dogo katikati ya maji. Bila hilo boya dogo, maji yakipwa kamba na mnyororo vinalala chini na kusaga kila kitu kwa mduara.

Fundi wa chokaa
Mnajadili maji, kuta nazo zinasikiliza. Msikiti Mkuu wa Kisiwani ulianza karne ya 11, ukapanuliwa baadaye. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Kinachouangusha leo ni mabega. Kundi la watu 40 likiingia chini ya kuba kukwepa jua, kila mmoja anaegemea, mkoba unakwaruza lipu, na lipu ikiachia, mvua inaingia kwenye kiini cha ukuta. Mtu 12 kwa kiongozi mmoja, na kundi la pili lisubiri nje. Hakuna kupanda ukuta, hata kwa picha.

Halafu msije mkafukia nyufa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipumui. Unyevu unakosa njia, chumvi inaganda nyuma yake, jiwe linamomonyoka, na saruji inabaki imesimama peke yake kama jino. Dawa ni chokaa iliyozimwa na kulazwa majuma kadhaa, ipakwe nyembamba, ifunikwe gunia lenye maji isikauke haraka. Hapa kuna mtego: chokaa ya pwani huchomwa kwa matumbawe. Tukikarabati Songo Mnara kwa matumbawe hai tutakuwa tumeuza mwamba kununua ukuta. Ichomwe kwa mawe ya nchi kavu, na ununuzi uandike hivyo.

Mkazi wa Kisiwani
Fundi kasema. Mimi nina mawili. Maboya yenu mtayaweka wapi? Penye mchanga karibu na mwamba ndipo tunapotega madema, na kina mama wanachokoa pweza hapo bamvua ikikausha. Kiiteni kwanza BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe, mzamiaji baadaye. La pili, wageni wanaokota vigae na sarafu za shaba ufukweni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa malikale, na kukitoa nchini kunahitaji leseni. Mabegi yakaguliwe gatini wakati wa kurudi. Na watoto wetu wakatazwe kuviuza, nalisema wazi.

Mwenye hoja
Basi nabadilisha pendekezo: Songo Mnara maji mafu tu, makundi ya 12, mtumbwi wa kuvushia uwe wa kijiji. Kuzamia kuwe na siku yake, na hakuna kuzamia Kilwa kabla ya maboya. Meli ya kitalii itume ratiba yake ilinganishwe na kalenda ya maji. Nani anapinga?

Nahodha, Masoko
Napinga kipande kimoja. Meli haingoji maji mafu, ikija bamvua itakuja. Hiyo ipelekwe Kisiwani peke yake, ishushe kwa zamu, Songo Mnara isiguswe. Na boya bila mkaguzi ni mtego wa jahazi. Aandikwe mtu wa kulizamia kila baada ya miezi 3 kukagua pingu za mnyororo na kamba, na malipo yake yatoke kwenye ada, si kwenye ahadi.

Mkazi wa Kisiwani
Mtu huyo atoke Kisiwani. Vijana wa kuzamia tunao, wafundishwe kuzamia kwa mtungi wa hewa.